Kijeba Aliyetufungia Mlango wa Afrika

Mwaka wa operesheni ya kuhamia vijijini nilikuwa na miaka kumi na miwili. Hapo ndipo shida ziliponianza. Ng'ombe wa baba walikufa, baba naye akafuata, mimi nikaacha darasa la tatu nikaenda Singida mjini kushona viatu. Sikufundishwa na mtu. Nilifumua viatu vibovu na kuvirudishia mpaka nikajua.

Nilipokuwa mtu mzima sifa zangu zikafika timu ya taifa ya vijana, wakaniita. Siku ya kwanza nilikabidhiwa gunia la njumu zilizooza. Kocha Mkuu akaniambia, "Fundi, keshokutwa tunacheza. Vijana wangu wasicheze peku." Nilizishona zote, nikawa mtunza vifaa. Nyie wa leo mnadhani ni kubeba mifuko. Nilipaka ngozi mafuta isipasuke, nikabadilisha meno ya soli kufuatana na uwanja, marefu ya tope, mafupi ya ukavu. Jezi nilifua kwa mkono na kuzilalia zisiibwe.

Enzi hizo biashara ilikuwa imefunguliwa, na waliopata hela za haraka wakauona mpira. Ndivyo tulivyompata Kiongozi wa Msafara, mwenye maduka, aliyetulipia nauli akajiona ametununua. Rekodi yetu ya nje ilikuwa aibu: kila mashindano ya vijana ya Afrika tulitolewa mapema. Mwaka ule aliotulipia tukavuka hatua za mwanzo. Ukabaki mchezo mmoja tu, ugenini kwa majirani, tuingie fainali.

Beki wetu wa kulia alikuwa Ntandu, mtoto wa Sepuka, niliyempeleka kwenye timu mimi mwenyewe. Wiki ya safari Kiongozi akaleta mtu wake wa kucheza katikati, tukamwita Tinga. Kijeba, yaani mtu mzima anayechezeshwa kwa umri wa kitoto. Ana mke, ana watoto, upara unachungulia.

Nikamfuata Kiongozi. "Mkuu, huyu atatuponza."

"Fundi, kazi yako njumu. Miaka niachie mimi. Kwanza una darasa ngapi wewe?"

"La tatu. Kuhesabu miaka najua."

Kocha Mkuu alikuwa amekaa pale pale. Akageuka kutazama dirishani.

Asubuhi ya mchezo tulikuwa tunakunywa chai hotelini. Meza ya jirani walikaa viongozi wa wenyeji, Kiswahili wanakijua kama sisi. Tinga akaingia amechelewa. Ntandu, kwa adabu aliyolelewa nayo kwao, akasimama na kikombe mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mwanangu! Umelalaje?"

Wenzake nao wakafuata, meza nzima, shikamoo, shikamoo, na Tinga anaitikia kama mwenye mji.

Mwenyeji mmoja akageuka. "Jamani, mmesafiri na mzazi?" Wakacheka wote.

Tuliwafunga bao moja bila jibu. Krosi ilitoka mguuni kwa Ntandu. Jezi hazijakauka jasho, wenyeji wakakata rufaa kwa kamisaa, msimamizi wa mchezo. Tinga alipobanwa maswali akajikanyaga. Ushindi ukafutwa, timu ikafungiwa.

Kwenye basi la kurudi Kiongozi hakumgusa Tinga. Alimsimamia Ntandu kichwani.

"Mshamba wewe! Nani alikutuma kusalimia?"

"Ni mkubwa kwangu, mzee. Ningempitaje?"

"Umeiua nchi kwa shikamoo!"

Nikasimama. "Aliyeiua ni wewe! Mtoto kamwamkia mtu mzima, kosa liko wapi? Ulitaka amwite mwenzake?"

Nilishushwa kituo kilichofuata, na kazi ikaishia hapo. Kocha Mkuu hakufungua mdomo, na hilo sijamsamehe.

Ntandu hakuitwa tena timu yoyote ya taifa. Alikuwa na pumzi ya kukimbia mechi mbili mfululizo, wakamtupa kwa sababu ya heshima. Analima vitunguu huko kwao Sepuka. Kiongozi yeye alipandishwa cheo, akazidi kupeleka vijeba nje. Leo nasikia wachambuzi redioni wakisema vijana wetu hawafiki mbali kimataifa kwa kukosa nidhamu. Naizima. Nidhamu ndiyo waliyoadhibiwa kwayo, pumbavu kabisa!

Nilirudi kwenye viatu, nikashona mpaka macho yalipochoka, ndipo nikastaafu. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Issuna, jozi ya maksai, shamba la alizeti na la uwele, cherehani ya viatu na kibanda sokoni. Cha mpira hakuna hata kimoja.