Tisa au Arobaini na Tano

"Tisa au arobaini na tano?"

Mzee aliniuliza hivyo Jumamosi yangu ya kwanza klabuni. Sikutegemea kuulizwa jambo lolote kwa Kiswahili ndani ya chumba cha kulengea shabaha, chini ya jengo la karakana jijini Toronto, tena na mzee wa Kihindi mwenye vikinga-masikio vinavyoning'inia shingoni. Alikuwa amenisikia nikimwambia katibu kwamba natoka Tanzania. Yeye alizaliwa Tanga, akaondoka angali kijana, akachonga vyuma kiwandani huku mpaka akastaafu. Aliishi mtaa wa Agincourt, mashariki mwa jiji.

Pale nilikwenda kwa ubishi tu. Katika ofisi ya bima nilikoajiriwa kuchambua takwimu, kijana mmoja alidai kuwa risasi ya arobaini na tano humwangusha mtu chali hata ikimgusa kidole. Nikamwuliza kama amewahi kuona. Akasema niende nikawaulize wanaojua. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2012, na Jumamosi sikuwa na pengine pa kwenda.

Alichouliza mzee ni hiki. Kuna bastola moja ya zamani, ya chuma kitupu, inayojipakia yenyewe risasi nyingine kila ukifyatua. Muundo wake umepita miaka mia, na watu wanauita kwa mwaka wake, 1911. Mwanzoni ilitumia risasi nene ya arobaini na tano. Baadaye ikatengenezwa pia kwa risasi nyembamba ya tisa. Wanachama walikuwa wamegawanyika kama mashabiki wa timu mbili za Kariakoo. Mgeni katika uanachama alifanya majaribio kwa bastola za klabu, kisha alitarajiwa kuchagua yake.

"Tisa ya nini, na arobaini na tano ya nini?" nikamwuliza.

Akacheka. Tisa ni milimita, akaeleza, na arobaini na tano ni sehemu za mia za inchi. Nikapiga hesabu kwenye simu: milimita kumi na moja na kidogo. Watu wazima walikuwa wakigombania milimita mbili na nusu. Nikawazungukia mmoja mmoja. Wengine waliapa kwamba ile nene inasukuma mkono taratibu na nyembamba inachapa. Wengine waliapa kinyume chake. Nilipouliza nani amepima, kila mtu akawa na shughuli.

"Umewaharibia siku," mzee akaniambia. "Haya, pima wewe, msomi."

Nikanunua daftari. Kila Jumamosi nilifyatua risasi kumi kwa bastola hii na kumi kwa ile, wiki moja naanza na tisa, wiki inayofuata naanza na arobaini na tano, ili uchovu wa mkono usipendelee upande. Kisha niliteremsha karatasi ya shabaha na kupima kwa rula matundu yametawanyika kiasi gani. Mzee alisimama nyuma ya bega langu. Usiinyonge, alisema, si kuku wa kuchinja. Au aliniuliza namwogopa nani hata nafumba macho kabla ya mlio. Tukimaliza tulikaa kwenye benchi la korido, akafungua chupa ya chai ya tangawizi, tukabishana. Alitaka habari za Tanga. Niliyoyajua ya Tanga yalikuwa machache, nikawa nampa ya Dar es Salaam, naye akayapokea bila kulalamika.

Siku nyingine sita sina la kusimulia. Nilipanga chumba mtaa wa Weston, kwenye jengo la zamani lenye dirisha linalotazama mto Humber ulioganda. Treni, ofisi, treni. Kuna wiki nilimsalimia mzee asubuhi ya Jumamosi na sauti ikatoka imekwaruza, nikatambua kwamba tangu juzi sijasema neno.

Fomu ya leseni ya kumiliki bastola ilitaka majina ya watu wawili wanaonijua kwa miaka mitatu au zaidi. Nilikaa nayo siku nyingi. Wa kwanza alikuwa mama wa Kitanzania wa Crescent Town aliyenipokea nilipofika nchini. Nilipompigia simu kumwomba, aliniuliza kwanza:

"Bastola? Mwanangu, kuna mtu anakusumbua?"

Nikamwambia hakuna. Nilitaka kuongeza kwamba hakuna hata mtu wa kunisumbua, ila angeanza kuniombea. Akakubali. Jina la pili niliandika la msimamizi wa jengo la kwanza nililopanga, aliyenijua kwa sababu ya bomba la jikoni.

Mwishoni mwa Januari daftari lilikuwa limetoa jibu. Kwa mkono wangu, matundu ya tisa yalikusanyika. Ya arobaini na tano yalitapakaa karibu mara mbili. Mtu yeyote aliyesoma takwimu muhula mmoja angefunga daftari siku ile. Mimi nilimwambia mzee kwamba sampuli haijatosha. Niligundua mapema kuwa mtu ambaye hajachagua ana la kuzungumza na kila mtu, na aliyekwisha kuchagua anafyatua zake na kwenda nyumbani. Nikaanza kuleta maswali mapya: unyevu wa mkono, umri wa springi, mwanga wa taa. Februari ikaisha hivyo.

Jumamosi moja ya Machi niliacha daftari kwenye benchi nikaenda msalani. Niliporudi alikuwa amelifungua mapajani, miwani imeshuka puani. Mtu aliyechonga vyuma miaka yote ile anajua kusoma vipimo.

"Binti," akasema, "hili limekwisha tangu Januari."

Nikasema sampuli haijatosha.

Akanitazama kidogo, kisha akanirudishia daftari. "Haya. Haijatosha." Akanimiminia chai, akaniuliza habari za Dar.

Ile huruma, au niliyodhani ni huruma, ilinichoma. Wiki nzima nilijiona mwongo, mimi niliyewadai wenzangu ushahidi. Jumamosi iliyofuata, kabla hajaketi, nikamwambia nimechagua: tisa. Akanipa mkono. Akasema ni chaguo la mtu mwenye akili, na kwamba sasa sihitaji mtu wa kusimama nyuma yangu.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala zilizofuata. Nilikata shauri kwamba nilikuwa kazi yake, na kazi imekwisha. Mimi ninayehoji kila kitu sikumhoji hata katibu. Niliona aibu kuuliza. Bastola yangu ya tisa ilifika mwezi wa Mei. Nilipiga vizuri, peke yangu, mwaka mmoja na nusu hivi, kisha nikaiuza na kuacha uanachama.

Mwaka 2019 nilipita kurudisha ufunguo wa kabati niliousahau kwenye droo. Kwa kuwa sikuwa mwanachama tena, katibu alinipa daftari la wageni nisaini, daftari nene ambalo halikuwa limejaa kwa miaka yote ile. Nikafunua nyuma. Jina la mzee lilikuwamo; alikuwa ameuza bastola zake, katibu akanieleza, na kuacha uanachama kabla mimi sijafika. Kila Jumamosi ya majira yale ya baridi alisaini kama mgeni, na kwenye safu ya sababu ya kuja aliandika, kwa herufi za mchonga vyuma, kwamba amekuja kumsaidia mtu kuchagua.