Kilo Mbili za Sukari kwa Mwenyekiti wa Msituni

Safari nzima ilitugharimu dola mia mbili thelathini na nne: petroli, chumba cha usiku mmoja na kilo mbili za sukari. Nimejumlisha mara mbili. Sukari ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vyote, na ndiyo peke yake niliyoipinga.

Sababu ya kuondoka ni Baba. Kiangazi kile cha 2014 alikuwa na miaka sabini na mitatu, mitano kati yake ya Kanada, na goti la kulia lililostaafu kabla ya mwenyewe. Ujanani, kule Sikonge, aliwinda na mjomba wake kwa gobore. Hapa Brampton kazi yake ilikuwa kukaa dirishani akitazama majirani wakikata nyasi, mpaka aliposikia msikitini kwamba kaskazini-mashariki ya Toronto kuna elki, mnyama mwenye umbo la swala, uzito wa ng'ombe na pembe kama mti uliokauka, na kwamba mtu wa kawaida mwenye leseni anaruhusiwa kumwinda kwenye ardhi ya umma. Majirani wakakosa mtazamaji. Tulisoma kozi, tukafanya mitihani, tukapata leseni, kisha tukaomba kibali, ambacho huchezeshwa kama bahati nasibu. Tuliomba watu watatu kwa pamoja: mimi, Baba, na binamu yangu Hamisi anayekaa Mississauga. Kikatoka. Kibali kimoja, mnyama mmoja, msimu Septemba.

Jioni ileile Baba akampigia simu mama mkwe wa Hamisi kumwahidi kidari.

Mimi niliuza mitumba Kariakoo miaka mingi, siwezi kununua nguo bila kuigeuza ndani nje. Nikamwambia Baba twende kwanza mwezi Agosti tukapaone mahali. Nilikuwa nimechagua uwazi mmoja kwenye ramani, juu ya kilima. Tukapatana: akifika pale kwenye uwazi na kurudi kwenye gari bila kushikwa mkono, Septemba anawinda. Akishindwa, anabaki nyumbani na bunduki anashika Hamisi. Baba akataka mapumziko sita njiani. Nikampa mawili. Tukaishia matatu, na kila mmoja akaondoka mezani akiamini kampunja mwenzake.

Saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi, alitoka mlangoni na mkongojo, chupa ya chai ya tangawizi, na mfuko wa sukari. Nikamuuliza sukari ya nini wakati chai ameshaikoroga.

"Ya mwenyekiti," akasema.

"Mwenyekiti gani, Baba?"

"Wa huko tunakokwenda. Utaingia kwenye msitu wa watu kama mwizi wa kuku?"

Nikamweleza kwamba maana ya ardhi ya umma ni hiyo, hakuna mtu wa kuripoti kwake. Akanijibu kwamba ameishi jirani na msitu wa serikali nusu ya maisha yake, na hajawahi kuona ambao hauna mtu mwenye kofia ya kaki amejibanza humo. Sukari ikapanda gari, ikakaa kiti cha nyuma kama abiria.

Barabara kuu ya 401 saa zile ni nyeupe. Tulipita Oshawa kabla jua halijawa kali, tukakunja kaskazini, na baada ya Peterborough nyumba zikaanza kuachana, mawe yakatokeza kando ya njia makubwa kama magodauni. Tulikula chapati humohumo garini, maana bei ya mayai mawili mgahawani niliisoma kupitia kioo nikaridhika kuisoma tu. Chumba nilikuwa nimekipunguzia bei kwa simu nikitaja umri wa mzazi, ambao niliuongeza kidogo.

Saa nne na nusu asubuhi tulifika chini ya kilima, karibu na mji wa Bancroft. Baba alitaka kujitambulisha kwanza. Nikasema makubaliano kwanza. Akashuka garini, akasema bismillahi, akaanza kupanda.

Mwanzoni alinifurahisha. Alinionyesha gome lililochubuliwa na pembe, akanusa, akaniambia dume. Pumziko la kwanza alilichukua mapema. La pili likafuata. La tatu alilichukua kwenye jiwe, akainama muda mrefu akisema anachunguza kinyesi. Nilitazama chini. Palikuwa na majani tu.

"Hapa pazuri, mama," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Bado nusu, Baba."

"Najua."

Alishuka kwa ubavu, akishika mti mmoja hadi mwingine. Nilinyoosha mkono mara moja, akautazama kama noti bandia. Kwenye gari alimimina chai, akanipa mimi kwanza. Nimepatana na watu wengi maishani, na kila nikishinda huwa naondoka na wepesi fulani miguuni. Siku ile sikuuona.

"Bunduki atashika Hamisi," akasema. "Lakini kujitambulisha tutajitambulisha. Hamisi hatakumbuka, hana adabu hiyo."

Saa saba mchana tulisimama kwenye nyumba ya karibu, na karibu yenyewe ilikuwa mwendo wa gari wa robo saa, kuzunguka kilima chote. Alitoka bibi mmoja mwembamba aliyevaa viatu vya mpira, akasema anaitwa Doris na kwamba hanunui kitu. Baba akavua kofia, akamkabidhi sukari kwa mikono miwili, akaniambia nitafsiri. Nikasema kwa Kiingereza kwamba baba yangu ni mgeni eneo hili, kijana wa familia atawinda mlimani Septemba, naye amekuja kujitambulisha.

"Kujitambulisha kwa nani?" akauliza Doris.

"Kwako."

"Mimi si kiongozi wa chochote."

Nikamtafsiria Baba. "Mwambie wote huanza hivyo," akasema, na akaketi kwenye kiti cha baraza bila kuulizwa.

Doris aliupima ule mfuko mkononi. Akasema ameishi pale miaka arobaini, wawindaji hupita mbele ya geti lake kila mwaka, na hajawahi kusalimiwa na hata mmoja, achilia mbali kupewa sukari. Elki wenyewe wanamla yeye: wamevunja uzio mara mbili na kutafuna marobota ya nyasi za ng'ombe wake. Kisha akauliza mzee mwenyewe kwa nini hawindi. Nilianza kutafuta maneno, Baba akapiga goti lake kofi moja. Hilo halikuhitaji mkalimani. Nikaongeza tu kwamba asubuhi kilima kimemshinda katikati.

"Mmepandia upande wa barabara?" akauliza Doris. "Nani anapandia upande wa barabara?"

Nyuma ya banda lake kuna njia ya zamani ya wakata magogo. Inapita kwake kidogo, inaingia kwenye ardhi ya umma, na inapanda polepole, kwa kuzunguka, mpaka juu. Hakuna mgeni anayeijua kwa sababu inaanzia uani kwake. Akasema tuliache gari pale, na Septemba tuliache palepale.

Saa kumi alasiri tuliingia njia ile. Baba alitembea mbele. Alipumzika kwenye gogo, tukaendelea, akapumzika tena penye kijito. Halafu miti ikaachana na tukawa tumesimama kwenye uwazi. Nikatoa ramani, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Ndio uleule, tumeutokea mgongoni. Upande wa pili majike wanne wa elki walikuwa wakila taratibu, mmoja akainua kichwa, akatuona hatuna maana, akaendelea kula.

Baba aliwangoja mpaka walipoingia msituni. "Mama," akaninong'oneza, "nina pumziko moja limebaki. Nalitumia hapahapa, nikiwa nimekaa mahali penyewe."

Alirudi mpaka kwenye gari kwa mkongojo wake. Mikono yangu nilikuwa nimeiweka mfukoni tangu juu.

Jumapili tulirudi nyumbani. Nilichojifunza ni kwamba ramani yangu ilikuwa sahihi na bado ilinipeleka upande mbaya. Tangu hapo siendi mahali pageni bila sukari.

Limebaki jambo moja, na naomba ushauri. Kwa desturi ya kwao Baba, mwenye eneo hupewa kidari cha mnyama, na Baba alimwahidi Doris kabla hatujawasha gari kuondoka kwake. Mama mkwe wa Hamisi alishaahidiwa kidari hichohicho, na tayari anaulizia bei ya viungo. Elki ana kidari kimoja. Nimehesabu mara mbili. Anayejua namna ya kumnyima mmoja wao bila kuvunja ndoa ya Hamisi wala kufungiwa geti aniambie mapema, maana naandika haya na Baba yuko chumba cha pili, amevaa miwani, anatafuta namba nyingine kwenye simu.