Njia Isiyopita Gari

Juzi mwanangu kajifungua, na mie nimekuwa bibi na meno yangu yote yamo mdomoni. Msinicheke. Sie tuliolewa mapema, skuli tuliionja tu tukaondoka. Basi nikenda kumtazama mzazi, hapa hapa Ilford. Nikakuta king'ora cha moshi kakivisha ile kofia ya plastiki ya kuogea, kisipige kelele, na sebuleni kapindua kapu, chini yake chetezo, juu yake katandaza vinguo vya mtoto vinafuka udi. Hayo kafundishwa na mkwewe, si mie. Kwangu mie chetezo hakuna.

Ile harufu ikanipokea mlangoni, nikatafuta pa kukaa. Mwanangu akaniuliza kwa Kiingereza chake kama naumwa. Siumwi. Ni kwamba nikinusa nguo iliyofukizwa huwa nina miaka kumi na mbili, niko juu ya baskeli nyekundu, Ufaransa, na baba yangu yuko mbele ananipigia kengele.

Baba alikuwa fundi baskeli. Alikuwa na kibanda Walthamstow, London hii hii, pembeni ya soko, na grisi haikumtoka kuchani hata siku ya Iddi. Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, tumeshatoka Unguja zamani kidogo. Baskeli nyekundu aliniundia mwenyewe, mguu wa hii, mkono wa ile, na kuendesha nikajifunza kwenye korido ya flati yetu ya Ilford, naparuza kuta, kwa sababu barabarani mama hataki hata kusikia. Barabara yetu ilikuwa malori na mabasi kutwa, na wenye honi wanapiga kama wanapeleka harusi.

Siku moja baba kaja na habari yake. "Ufaransa kuna njia, mwanangu. Ilikuwa reli. Treni zilipoacha kupita wakang'oa vyuma, wakamwaga lami, wakasema gari isitie mguu. Unakwenda asubuhi mpaka magharibi huoni gari."

Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa. "Kwenda utakwenda," akamwambia, "lakini na mtoto."

"Na mtoto, tena kwa furaha," baba kasema. "Huyu ndiye msafiri mwenzangu."

Msafiri mwenzake, mie. Nililala na neno hilo kama mtu kalala na kiatu kipya.

Na njia ile, jamani, ilikuwa kweli. Tulipanda treni, tukapanda meli, tukapanda treni nyengine, baskeli tumezifunga kamba kama mbuzi, tukateremka mahali kimya hata masikio yanakuuliza kulikoni. Njia imenyooka, haina kilima, maana treni haipendi kilima, basi na mtoto hachoki. Matairi yanasema shii, shii. Huku mizabibu, huku ng'ombe weupe kama wamepakwa chokaa, wanatutazama wanatafuna. Kulikuwa na handaki la treni la zamani, ndani baridi kama friji na maji yanadondoka, baba akiita "Zuhuraa" jina langu linakwenda linarudi, linakwenda linarudi, na mie nacheka mpaka baskeli inayumba. London sijapatapo kuachia mikono yote miwili. Kule niliachia. Baba akatazama nyuma akasema, "Tazama huyu, ndege."

Jioni tukafika kwenye nyumba ya stesheni. Stesheni ya zamani, na saa ukutani imekufa, lakini maua madirishani. Baba kanambia ni nyumba ya wageni. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene kidogo, rangi yake kama yangu, kitambaa kichwani, anasema Kifaransa tu. Baba akanambia mwite Madamu. Nikajisemea, kumbe Wafaransa wengine ni kama sie.

Yule Madamu na baba hawakuzungumza. Walikuwa kama watu wawili kwenye foleni ya posta. Mie ndiye niliyejaza nyumba maneno, nampigia baba porojo kwa Kiswahili, bila wasiwasi, si Kiswahili hakijui? Nikamwambia, "Baba, mkate wake mgumu, utadhani kaoka tofali." Nikamwambia, "Baba, anatembea kama bata, lakini bata mzuri." Baba kainama kwenye kikombe. Madamu kaniongezea supu. Chai ya baba ililetwa ina mdalasini, na sukari imeshatiwa, na hakuna aliyemuuliza anataka ngapi. Hilo nililiona. Nililiona nikaliacha pale pale, mtoto ana mambo mengi.

Siku ya pili niliingia na baskeli kwenye mtaro, nikatoka tope mpaka nyusi. Madamu akanivua, akanisugua, nguo akazifua. Kulipokucha nikazikuta zimekunjwa kitandani, zinanukia Iddi. Nikazitia usoni nikafurahi. Sikujiuliza. Nilijua tu kuwa kila mahali pazuri panakuwa na harufu nzuri.

Tukarudi Ilford. Mama akafungua begi langu. Akatoa fulana, akaipeleka puani, akabaki hivyo hivyo, kama mtu anayesikiliza simu.

"Mlilala wapi, Zuhura?"

"Kwa Madamu, mama. Nyumba ya wageni."

"Huyo Madamu mzungu?"

"Mfaransa. Lakini ni kama sie."

"Mikononi ana hina?"

"Anayo, imekoza. Mbona umejua?"

"Nimeuliza tu," mama kasema, akaikunja ile fulana, akaipeleka chumbani kwake. Sikuiona tena. Na mama hakugomba, hakulia. Mwaka mzima nyumba ilikwenda kama kawaida, ila chai ya baba alianza kuiweka mezani bila sukari, na kopo kando. "Tia mwenyewe," anamwambia. "Mie sijui siku hizi unatia ngapi."

Kiangazi kilipofika tena, mie nimeshampigia baba kelele hata kabla majani hayajaota. Mama ndiye aliyenifungia begi. Juu kabisa akaweka kifurushi cha kitambaa, kimefungwa kwa uzi. Ulikuwa udi wake, ule anaoupika mwenyewe jikoni, sukari na mawaridi, ambao wanawake wa Ilford walikuwa wanamuomba namna ya kuupika na hawaambii. "Mpe mwenye nyumba," akanambia. "Mwambie mama kasema ahsante kwa kunifulia nguo. Mpe mkononi, na baba'ko awepo."

Nilikwenda na kifurushi kile njia nzima, kifuani ndani ya sweta. Nikapita handaki, nikapita ng'ombe wangu, baba ananiuliza nini hicho, nikasema siri ya wanawake, akacheka. Nilijiona mtu mzima.

Tukafika. Madamu yuko mlangoni. Nikampa mbele ya baba, nikasema maneno ya mama kwa Kiswahili, nikimgeukia baba ayafasiri. Baba hakufasiri. Madamu alifungua uzi, akanusa, akakaa kwenye ngazi ya stesheni kitako kizima. Kisha akaniangalia mie, si baba, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha Ng'ambo, kwetu Unguja:

"Mama'ko hajambo?"

Nyie. Mwenzenu nilisimama na baskeli mkononi. Kitu cha kwanza kilichonijia ni mkate. Kumbe alisikia tofali. Alisikia bata. Siku zote zile nilizokuwa naropokwa nikijua tuko wawili, mie na baba, tulikuwa watatu, na wawili walijua. Nikamtazama baba anambie neno. Alikuwa anafuta mikono kwenye suruali, anafuta grisi ambayo haipo.

"Zuhura, huyu ni..." akasema, akaishia hapo.

"Mwambie," yule mwanamke kasema. "Mama'ke keshasema, wewe bado tu unaona haya."

Sikungoja. Nikapanda baskeli nikageuka na njia. Nilikanyaga pedali mpaka handakini, nikasikia baba huko nyuma anaita, "Zuhuraa," na jina langu linakwenda linarudi. Safari hii halikunichekesha. Ndipo nilipoijua sifa ya njia isiyopita gari. Unalia sauti juu, na hakuna hata honi ya kukufichia.

Alikuwa mkewe. Mngazija, asili yake Komoro, aliyekulia Unguja, kamuoa nyuma ya mgongo wetu. Mama hakumuacha baba. Walisutana, wakanuniana, wazee wakaja wakala biriani, wakaondoka. Na kiangazi kilichofuata mie nimeshaipaka mafuta cheni ya baskeli yangu, begi limo mlangoni, baba kanibusu kichwani, akaenda peke yake. Na kilichofuata tena hivyo hivyo. Baskeli nyekundu ikabaki koridoni mpaka matairi yakalala.

Kwa miaka nilidhani ananiadhibu kwa sababu ya kile kifurushi. Nimekuja kuelewa nimeshazaa. Hakuwa ananiadhibu. Mama alikuwa keshajua, basi baba hakuhitaji tena mtoto wa kumpitishia safari. Na mama naye, siku ile anachagua mchele, hakunitoa niende nikafurahi, alinitoa nikawe macho yake. Na yule wa stesheni, mwanamke wa kwetu, anajua vizuri udi hautoki kwenye nguo mpaka umesema ulikotoka. Hakunifukizia mie. Alimfukizia mama. Watu wazima watatu walizungumza wakamalizana, na mdomo waliotumia ulikuwa fulana yangu. Mie ndiye pekee niliyekwenda kwa ajili ya njia.

Na niwaambie kitu: naipenda bado. Nikikosa usingizi naipita yote kichwani, mizabibu, ng'ombe, ile sehemu niliyoachia mikono. Baba simuweki mbele. Nakwenda mwenyewe.

Basi juzi mwanangu akaniletea mjukuu, kishavishwa, kavuguvugu, ananukia. Nikamwambia, "Mfukizie, mwanangu, harufu nzuri. Lakini siku utakayomchukua mahali, hakikisha umemchukua yeye."

Akasema kwa Kiingereza kwamba mama leo unazungumza mafumbo. Nikamwambia nipe mtoto, na hilo dirisha lifungue kidogo.