Nilivyompima Akili Bibi Mwanahawa

Wakati huo nilikuwa tabibu mpya katika zahanati ya kijiji cha ujamaa, Kibuta, huko Uzaramo, na nilijiona bingwa. Bibi Mwanahawa aliletwa na bintiye Zena, eti siku hizi anasahausahau. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, kisha nikampa maneno matatu ayashike: jembe, chungwa, kanga.

“Bibi, hapa tuko wapi?”

“Tabora.”

“Na mimi ni nani?”

“Mpagazi wa babu yangu. Ule mzigo uliotoroka nao uko wapi?”

Sijapata kuona uso mkavu kama ule. Hata kope haikumcheza. Nikamwambia Zena, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba mama apelekwe hospitali ya vichaa. Zena akainama, mabega yakitikisika. Nikampa leso yangu afute machozi.

Bibi akainyakua leso, akajifuta yeye machozi ya kicheko.

“Jembe, chungwa, kanga. Hapa Kibuta, leo Jumanne, na huyu mwanangu Zena. Sasa nikupime wewe, mjukuu wangu. Mzaramo na Mnyamwezi ni nani kwa nani?”

Wagonjwa wote kwenye benchi wakanijibia kwa pamoja: “Watani!”