Doa Lisilofutika

Yule dada wa picha za setilaiti, ofisi ya misitu, hatamki neno kabla ya kupangusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya mtandio. Aliwahi kuona punje ya vumbi akaandika kwamba msitu umeungua. Mrina asali, aliyenyooshewa kidole miaka kumi na miwili kwamba mwenge wake wa kufukuzia nyuki ndio ulioteketeza msitu, alimtazama akirudisha picha za mwaka ule, siku moja moja, ukucha wake mfupi ukifuata doa jeusi.

"Mzee, moto ulianzia ng'ambo ya mto. Siku mbili kabla hujawasha mwenge wako."

Mzee akavuta mkono wa shati, akapangusa kioo mwenyewe. Doa halikutoka.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akapangusa tena.