Swichi mpya yamwacha Mektilda na kamba yake

Saa nne asubuhi, Mektilda Ngusa ameketi peke yake kwenye kibanda cha mabati huko Nyarugusu, Geita. Mkono uko karibu na swichi kubwa ukutani. Sikio liko kwenye feni.

Feni hiyo inasukuma hewa kwa bomba hadi chini ya duara, shimo wanamochimba dhahabu. Ikinyamaza, walioko chini huumwa kichwa, halafu usingizi unawachukua.

"Umeme ukikatika nawasha jenereta, nageuza swichi, feni inarudi," anasema. "Hata chooni siendi bila kuacha mtu hapa."

Kibanda kiko mbali na mdomo wa duara. Wachimbaji wa hapa wanaamini mwanamke akisogea pale, dhahabu inakimbia. Kwa hiyo walivuta kamba kutoka shimoni hadi kwake, wakafunga kopo la kokoto kila upande. Feni ikirudi, Mektilda anavuta. Wa chini nao wakivuta, kopo lake linalia: hewa imefika.

Hayo ndiyo mazungumzo yake. Chakula anakula peke yake, wenzake wako ng'ambo ya kifusi. Wengi anawajua kwa uvutaji wao tu, sura hazijui.

"Nkwabi anavuta kama anagombana na mtu," anasema, anacheka kidogo.

Alitoka Ushirombo baada ya mumewe kufariki. Binti yake, Elieth, anasoma Tinde, anaishi kwa shangazi. Ujira wa kibandani ndio unaomsomesha.

Sasa ujira huo una mashaka. Wiki hii mwenye duara, Donatus, amefunga betri na swichi inayojihamisha yenyewe. Umeme wa nguzo ukikatika, inaichukulia feni umeme wa betri kabla hujapepesa jicho.

"Sijasema aondoke," anasema Donatus. "Lakini nimlipe mtu kwa kukaa tu?" Jibu atalitoa mwisho wa mwezi.

Mektilda haichukii swichi hiyo. "Mimi walikuwa wananisubiri, hii haiwasubirishi. Ni nzuri. Ila bomba likipasuka, feni inazunguka tu. Nani atawauliza kama wazima?"

Tukiwa bado tunaongea, taa ya kibandani inazimika. Mektilda ameshasimama, ameshika swichi ya zamani. Feni haijapunguza hata mlio.

"Mama Elieth, keti bwana!" anacheka fundi Evance, aliyeingia kukagua swichi mpya. "Imeshahama."

Anauangalia mkono wake. Kisha anavuta kamba.

Kimya. Anavuta tena. Tunasubiri wote, hata Evance ameacha kucheka. Ndipo kopo linapolia, kwa fujo.

Mchana Nkwabi anapanda juu ya kifusi, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, Mama Elieth!"

"Marahaba."

"Mbona umevuta? Feni haikuzima!"

"Umeme ulikatika."

"Aa! Hatukujua. Tukadhani unatusalimia."

"Basi nilikuwa nawasalimia."

"Kesho usalimie mapema, wengine huwa tunasinzia!"

Nkwabi anashuka upande wa pili kwenda kula. Mektilda anafunua bakuli lake la ugali na dagaa, anasogeza kigoda karibu na kopo.

Anasema atamwomba Donatus amwache na kamba, awe anavuta mara kwa mara, bomba likiharibika ijulikane. Na akikataa?

"Mwisho wa mwezi haujafika," anasema. "Kesho nitavuta mapema."