Bangili Mlangoni mwa Maabara

Saa mbili asubuhi, mwanamke mwenye koti jeupe anasimama mlangoni mwa maabara, anavua bangili ya fedha na kuilaza kwenye kisahani cha chai. Anaigusa kwa ncha ya kidole, kama anayemfunika mtoto shuka, kisha anaingia.

Ndani kuna koili, waya mnene wa shaba uliovingirishwa. Ikiwashwa, pete, bangili, hata kijiko kilichosahaulika karibu yake hupata moto.

Wenzake humwita Mama Jeli. Kazi yake ni kupika. Huchemsha unga wa mwani, huuacha ushikane kama nyama laini, kisha katikati hudunga tone jeusi la chembe za chuma, ndogo kiasi kwamba maelfu yake yakipangwa hayajazi upana wa unywele. Jeli ndiyo mwili, tone ndilo uvimbe.

"Leo umetupikia nini, Mama Jeli?" anauliza mtafiti mkuu, miwani ikimning'inia shingoni.

"Ini. Karibu, ila usilambe kidole."

Wanatarajia chembe hizo zifanye kazi mbili: zionyeshe kwenye picha mahali uvimbe ulipojificha, kisha koili ikiwashwa ziupashe moto kutoka ndani bila kuunguza jirani zake. Kwa sasa, mgonjwa wao ni jeli.

Hilo "kwa sasa" ndilo linalomuuma Mama Jeli. Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao alipofariki, ana uvimbe wa ini uliorudi baada ya upasuaji. Matibabu ya hospitali yanaendelea, lakini mwili unazidi kupungua.

"Dada alikuwa na mikono ya kubeba cherehani peke yake," anasimulia. "Siku moja anaosha vyombo, bangili ikamponyoka, ikazama kwenye povu. Akanipa. Akaniambia, 'Nishikie, mdogo wangu, mpaka mkono unenepe.'"

Amana hiyo iliwahi kumponza. Asubuhi moja alitoka kumwona dada, macho bado mekundu, akapitiliza kisahani bila kukumbuka. Alipoinama kuisogeza jeli, koili ikiwa imewashwa, bangili ikapata moto mkononi. Aliruka. Jeli ikaishia sakafuni, na kazi ya juma zima ikaenda nayo. Alama ya kuungua ingalipo kwenye kifundo cha mkono.

Dada alipoiona alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe mashine yenu inafanya kazi! Wewe mzima unajipasha, mimi mgonjwa unaniacha na baridi?"

"Subiri, dada. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja je? Si huumiza matumbo? Langu limeshaumia."

Mama Jeli akachukua chanuo, akaanza kumchana nywele.

Leo koili inanguruma taratibu. Uzi wa kioo uliochomekwa ndani ya jeli unapima joto. Kwenye skrini, katikati panapanda hadi nyuzi arobaini na tatu, kando panabaki thelathini na saba. Hapo panatulia. Mtafiti mkuu anapiga makofi, halafu anamtazama Mama Jeli na mikono yake inashuka.

"Bado kuna majaribio kwa wanyama. Kisha kibali cha kamati. Watu ni mwisho kabisa," anasema kwa upole. "Ni miaka. Sitakudanganya."

"Najua," anajibu Mama Jeli, akifuta meza aliyokwisha kuifuta.

Adhuhuri anatoka, anaivaa bangili. Kila Jumamosi huipeleka kwa mwenyewe. Humvisha, kisha humwambia ashushe mkono waone kama itaponyoka. Huponyoka. Hucheka wote wawili, mmoja akiiokota.

Akiulizwa anachotamani, anaishika bangili.

"Aje hapa siku moja kwa miguu yake, ameivaa. Nimzuie mlangoni nimwambie, 'Vua bangili, dada, ndipo uingie.'" Anatabasamu, akiizungusha mkononi. "Atabisha, namjua. Atasema imembana, haitoki."